Nilibaki Nairobi Kutazama Fainali

Tangu nirudi, kila anayekutana nami sokoni Khwisero ana maswali mawili. La kwanza: nani alishinda kule Nairobi? La pili halisemwi mbele yangu, lakini nalisikia nikishapita: ilikuwaje mtoto wa kwanza wa Nerea asimzike mama yake? Nimechoka kujibu la kwanza na kulisikia la pili kisogoni. Basi nayaandika yote hapa, mara moja, mpitishiane. Habari za kujiandikisha na kuomba ruhusa kazini naziruka, hazina utamu wala uchungu.

Khwisero hadi Butere

Mwaka ule kiwanda cha sukari kilikuwa kimeongeza kinu cha pili, na miwa ilikuwa imefika mpaka milangoni mwa watu. Hata pale mama alipokuwa akipanda mtama palikuwa na miwa. Mimi nilikuwa fundi wa pampu kiwandani, na jioni nilicheza badminton. Mchezo huo tuliletewa na wahandisi wa Kihindi waliokuja kufunga mitambo. Walichora uwanja kwa chokaa ndani ya ghala la magunia matupu, wakafunga wavu, na walipoondoka wakatuachia raketi. Vile vinyoya vinavyopigwa kama mpira walivyotuachia vilipokwisha tulitengeneza vyetu kwa vizibo vya chupa na manyoya ya jogoo. Jogoo mwenyewe, mweupe, alikuwa wa mama. Kila nilipokuja nyumbani nilikuta amenikusanyia manyoya kwenye kopo, marefu peke yake, mafupi peke yake, ingawa hakuwahi kuuona mchezo wenyewe hata siku moja.

Ghala lile lilikuwa na mihimili ya chini. Ukipiga kinyoya juu kinagonga chuma, na pointi si yako. Kwa hiyo sisi wa ghalani tulizoea kupiga chini chini, kinyoya kikipita kidogo tu juu ya wavu, kwa kasi. Hakuna aliyetuweza kwa mchezo huo, si Kakamega mjini, si Kisumu. Ndio ulionipatia nafasi ya kwenda Nairobi, kwenye mashindano ya kimataifa, kucheza na watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wanaolipwa kuzunguka dunia na raketi begani. Habari ya mihimili ishikeni, nitairudia.

Mama alikuwa mgonjwa wa koo. Alikuwa ametoka hospitali kwa kupenda kwake, akisema anataka kulala nyumbani kwake. Ugali ulikuwa umemshinda, na kitu pekee kilichopita kooni kilikuwa mkate mweupe uliolowekwa kwenye chai. Nilimwambia siendi. Akanitazama kama nimemtukana.

"Utakaa hapa unifanyie nini?" aliniuliza kwa lugha yetu. "Koo langu litapona kwa kutazamwa? Nenda. Lakini usije ukarudi na mdomo mtupu. Utakuja uniambie nani alishinda, jina lake na la baba yake."

"Na kama ni mimi?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe nakujua. Na baba yako nilimjua."

Ndivyo tulivyoagana. Dada yangu Rispa alinisindikiza mpaka njia panda, nami nikaenda Butere kupanda treni.

Butere hadi Nairobi

Nilisafiri na Bwana Shiundu, msimamizi wetu wa sehemu ya boila, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza klabu ya ghalani. Ni mtu mzima, Mkristo wa benchi la mbele kanisani, asiyependa maneno mengi. Alizifunga raketi kwenye gunia la sukari na kulipakata njia nzima. Tulipofika Luanda, treni ikasimama bila sababu yoyote tuliyoambiwa. Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu akalichungulia gunia.

"Hii ni ya kunasa kumbikumbi?" akauliza.

"Ni ya mchezo," Shiundu akajibu.

"Mchezo gani?"

Shiundu akaeleza. Mzee akasikiliza kwa heshima, akachukua raketi, akaipima kwa mkono, kisha akairudisha. "Kwa kumbikumbi ingefaa," akasema. Tulicheka, tukala njugu zake mpaka treni ikaondoka. Nawaambia haya kwa sababu hicho ndicho kicheko changu cha mwisho ninachokikumbuka vizuri katika safari ile. Kisumu tukabadilisha treni, tukalala tumekaa, asubuhi tukaamkia Nairobi.

Makongeni

Tulifikia Makongeni kwa Zakayo, shemeji ya Shiundu, mfanyakazi wa reli. Siku hiyo hiyo mchana nilicheza mchezo wangu wa kwanza, na Mzambia mmoja mrefu. Maskini alikuwa amezoea vinyoya vinavyotoka juu. Nilimpigia vya kwetu vya ghalani, kifuani na kiunoni, akawa anakunja mikono hajui aiweke wapi. Nilimfunga seti mbili bila jibu. Niliporudi Makongeni nilikuwa naimba barabarani, na Shiundu hakunikanya.

Jioni nilitoka kwenda kuoga. Bafu za pale zilikuwa za pamoja, nyuma ya nyumba, na foleni ilikuwa ndefu. Sasa najua kilichotokea nikiwa kwenye foleni ile. Zakayo alifungua redio, habari zikaisha, yakaja matangazo ya vifo. Likasomwa jina la Nerea wa Khwisero, mazishi Jumamosi nyumbani kwake, na mwanawe Bernadi aliyeko Nairobi anaombwa afike nyumbani haraka. Mama alikuwa amekufa usiku nilipokuwa ndani ya treni. Wakati namcheka Mzambia wa watu, yeye alikuwa amelazwa sebuleni na watu wanamlilia.

Mimi nilirudi na taulo begani nikakuta redio imezimwa. Mama Ruthi, mke wa Zakayo, alikuwa akipakua chakula na hakunitazama usoni. Tulikula obusuma, ugali wetu, na kuku. Akaichukua firigisi, ile tunayoiita imondo, akaiweka kwenye sahani yangu.

Mnajua wenyewe imondo ni ya nani. Ni ya mwenye nyumba, na Zakayo alikuwa amekaa pale pale, mtu wa rika la baba yangu. Nikashtuka. "Mama, umekosea sahani," nikamwambia.

"Kura tu, mwanangu," akasema, na l yake ilikuwa r kama ya watu wa kwetu wote. "Leo ni yako."

Nilimtazama Zakayo. Akatikisa kichwa kwamba nile. Nikajua wananipongeza kwa ushindi, nikaila yote, na nikaanza kusimulia tena nilivyomfunga Mzambia. Hakuna aliyecheka. Nilidhani ni uchovu wa siku.

Ukumbini

Kesho yake nilipangwa na Mwindonesia. Alikuwa mfupi, mwembamba, mtulivu. Alipoingia uwanjani hakutazama watu, alitazama vidole vyake tu. Nilianza vizuri. Vinyoya vyao ni vya manyoya ya bata bukini, vyepesi na vilivyonyooka kuliko vya jogoo wetu, lakini mkono wangu ulivizoea upesi. Pointi za kwanza tulienda sambamba. Nikasikia watu wanapiga makofi na kuulizana, Mwafrika huyu ni nani?

Kisha akaelewa. Nilimwona akielewa, alisimama kidogo akatazama paa la ukumbi, kisha akanitazama mimi. Paa lile lilikuwa juu, juu kabisa. Akaacha kunijibu chini chini. Kila nilichompigia alikiinua mpaka kwenye taa. Na mimi, ndugu zangu, shingo yangu haikujua kwenda kule. Miaka yote ghala lilikuwa limenifundisha kwamba juu hakuna mchezo. Kinyoya kilipanda, nikakipoteza ndani ya mwanga, kikaanguka nyuma yangu. Kikapanda tena, kikaanguka tena. Seti ya pili nilipata pointi ambazo naona haya kuzitaja. Tulipopeana mikono chini ya wavu aliniwekea kidole kidevuni, akakiinua taratibu, akatabasamu. Hakuwa ananidharau. Alikuwa ananifundisha, bure, kitu ambacho nilihitaji kukijua zamani.

Nilimwomba mwamuzi, Mhindi wa Nairobi, aniulizie jina lake na la baba yake. Wakasemezana.

"Anasema ana jina moja tu," mwamuzi akaniambia. "Kwao wengine ndivyo walivyo. La baba hatumii."

Alinitajia lile moja. Nililirudia mpaka akaridhika na matamshi yangu. Nikajisemea mama atamhurumia mtu huyu, mzima wa afya na hana jina la baba.

Nje ya ukumbi Shiundu alikuwa ameshaweka raketi guniani. "Bernadi, tuludi nyumbani leo jioni," akasema. "Treni iko."

"Leo? Fainali ni Jumamosi."

"Mchezo yako imeisha. Mtu akimaliza kazi anaendanga kwake."

"Mama ametaka nimwambie nani alishinda. Nikirudi leo nitamwambia nini, kwamba mimi nilishindwa? Hilo analijua."

Alikaza mdomo wa gunia. Kisha akajaribu tena. "Mama ni mgonjwa. Si ukamwone?"

"Kwani hakuwa mgonjwa tulipoondoka? Yeye mwenyewe ndiye aliyenituma!" Nilipandisha sauti, watu wakageuka. Nilimwambia kama amechoka na shemeji yake aende yeye, mimi nitalala hata stesheni. Nilimwita mtu asiyejua raha. Bwana Shiundu, ambaye anaweza kunifuta kazi kwa neno moja, alishusha macho na kulipakata gunia lake. "Basi," akasema. "Basi tutakaa."

Kwetu habari ya kifo haitupwi njiani. Anayeambiwa awe kwa watu wake, amekaa, ameshikwa, na msemaji awe mtu wa ukoo. Wa nje akijua, kazi yake ni kukupeleka nyumbani kwa hila yoyote, na kufunga mdomo. Shiundu aliishika nusu ya kufunga mdomo. Nusu ya pili nilimshinda mimi, kwa jambo moja tu, kwamba nilitaka kutimiza neno la mama.

Fainali

Jumamosi tuliingia mapema. Upande wa wanawake alishinda dada mmoja Mjapani, mdogo wa umbo, ambaye baada ya kila pointi aliinama kidogo. Alipokabidhiwa kikombe aliwainamia waamuzi, akamwinamia mpinzani wake aliyeshindwa, akamwinamia hata mfagiaji aliyekuwa amesimama mlangoni na ufagio wake. Mfagiaji hakujua afanye nini, naye akainama.

Kisha wanaume. Ni yule yule Mwindonesia wangu, na Mdenmark mmoja mwenye mikono mirefu na pigo la kushusha ambalo ukilisikia unafumba macho. Seti ya kwanza Mdenmark alimponda. Mtu mfupi alikuwa anakimbia kona hadi kona akiokota tu. Nilidhani amekwisha. Seti ya pili akaanza kumchosha, kinyoya juu, kinyoya chini, mbele, nyuma, bila haraka, mpaka yule mrefu akaanza kuushika wavu apumue. Ya tatu walienda pointi kwa pointi. Nilikuwa nimesimama bila kujua. Pointi ya mwisho Mdenmark aliruka kushusha pigo lake, na Mwindonesia akaweka raketi tu pale, kama mtu anayekinga maji ya paa kwa kikombe, kinyoya kikarudi kikaanguka nyuma tu ya wavu. Akapiga magoti. Jamani, nilipiga kelele, nilimkumbatia Shiundu, na mwili wake ulikuwa mgumu mikononi mwangu. Nikaona machozi yanamtoka.

"Hata wewe umefurahi!" nikamwambia.

Alitazama saa yake. Ilikuwa saa ya mazishi.

Nairobi hadi Muhoroni

Stesheni ndipo Shiundu aliponiambia kwamba amepata habari mama amezidiwa kidogo. Alisema "kidogo" mara mbili. Nikaruka nje nikanunua mikate miwili, ile myeupe laini ya Nairobi, iliyofungwa vizuri kwa karatasi ya nta. Niliiweka mapajani ili isibanwe na mtu. Usiku kucha sikulala, nilikuwa natengeneza jinsi nitakavyomsimulia, nianze na mfagiaji au nianze na magoti. Lile jina moja nalo nililirudia mdomoni kwa mdundo wa magurudumu.

Asubuhi tukasimama Muhoroni, na hapo tukakaa. Behewa la molasi, ile shira nyeusi ya miwa, lilikuwa limeacha reli mbele yetu. Mchana ukapita, usiku ukapita, mafundi wakienda na kurudi wakinata molasi mpaka magotini na nyuki wakiwafuata. Watu walishuka wakapika kando ya reli. Nilikaa na mikate yangu. Mama mmoja Mjaluo, mwenye kapu la samaki wa kukaangwa, aliniuliza mbona nina njaa na nimepakata chakula.

"Ni ya mama," nikasema. "Mgonjwa. Hawezi kingine."

"Anaumwa sana?"

Nilimtazama Shiundu anijibie. Shiundu aligeuza uso akatazama miwa. Yule mama alimtazama Shiundu muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akafungua kapu, akaniwekea samaki mkubwa kwenye jani, akakataa malipo. Akashusha kitambaa chake kutoka kichwani akakifunga kiunoni, akaketi karibu nami kiasi kwamba bega lake liligusa langu. Alikaa hivyo mpaka njia ilipofunguliwa. Mtu mgeni kabisa alikuwa anafanya matanga nami, na mimi nikimla samaki wake, nikimweleza kwamba mama atapona akipata mkate.

Butere tena

Baba mdogo Eliakimu alikuwa stesheni na baiskeli yake. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa amepokea kila treni. Alikuwa amenyolewa kipara cha msiba. Nilikiona kichwa kile kupitia dirishani kabla treni haijasimama, kinang'aa, na mikono yangu ikaachia mikate.

Hakunisalimu. Alinishika mkono akanipeleka kwenye benchi, akanikalisha, akakaa kushoto, na wazee wawili wa ukoo wakakaa kulia. "Bernadi," akasema, "mama yako alitutoka. Tulimweka Jumamosi. Tulikungojea mpaka jua likaanza kushuka, mwili ukawa hauwezi tena." Ndivyo inavyotakiwa kusemwa, na walinishika vizuri nilipoanguka. Nawashukuru. Lakini nasema wazi, na atakayechukia achukie: utaratibu ule mzuri ulinifikia mama akiwa tayari chini.

Nilipopata sauti nilimgeukia Shiundu. "Ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia pale nje ya ukumbi. Neno moja tu."

"Ningekwambiaje?" Alilivuta gunia kifuani. "Mimi si baba yako. Pale kuna Wazungu, kuna Wahindi. Ungeanguka, nani angekushika? Sisi hatusemangi kitu kama hiyo kwa barabara." Kisha akasema, polepole, "Nilifikiria kila saa utakubali kuludi."

Sijamsamehe. Kazini tunasalimiana. Klabuni sijakanyaga. Wakati mwingine namwona anapakata kitu chochote kilicho karibu, spana, kofia, kama alivyolipakata lile gunia, na hasira yangu inakosa mahali pa kukaa. Lakini sijamsamehe.

Nyumbani kilio kilianza upya nilipoingia langoni. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na kusawazishwa. Rispa, kichwa chake kitupu kama cha baba mdogo, alinitolea karai lililofunikwa kwa jani la mgomba. Ndani mlikuwa na udongo mwekundu.

"Tulikuachia wako," akasema. "Wa mtoto wa kwanza. Tuliunyunyizia maji kila asubuhi usikauke."

Niliumwaga kaburini kwa mikono, taratibu, ukaisha. Rispa akaniinamia sikioni. Akasema siku ile ya mwisho, kabla sauti haijakatika, mama alikuwa anauliza kama redio imetangaza nani alishinda, nami hata Nairobi sijafika. Alisema Bernadi atakuja atasema, na jina la baba yake.

Nikapiga magoti. Nilikuwa na la kumwambia, ndilo lililoniweka Nairobi watu wakimzika. Nikafungua mdomo.

Jina halikuwepo. Lile moja tu, bila hata la baba la kulisindikiza, nililolirudia kutoka ukumbini mpaka Muhoroni, lilikuwa limenitoka. Nililitafuta pale chini mpaka baba mdogo akaja kuniinua.

Mpaka leo halijarudi. Nakumbuka vidole vyake, nakumbuka kidole chake kidevuni mwangu, nakumbuka alivyopiga magoti. Kwa hiyo mkinikuta sokoni msiniulize tena nani alishinda. Na kama kati yenu yuko mwenye gazeti la siku zile, asinisomee. Aende nyumbani kwetu, aingie langoni, kaburi liko upande wa banda la jogoo, akamwambie yeye.